Mkurugenzi Juu ya Mistari Mitano

Idara ya Utulivu wa Sauti inayo furaha kuutangazia umma kwamba suala la watoto kurukaruka juu ya noti za muziki limeshughulikiwa kikamilifu. Aliyelishughulikia ni mimi, Afisa Mwandamizi.

Habari zilitufikia kwamba mwalimu mmoja wa darasa la pili amechora sakafuni mistari mitano ya chaki, kama ile ya kuandikia noti, kutoka mlangoni hadi dirishani. Mtoto akikanyaga mstari wa chini, wenzake wanaimba "mi". Akirukia nafasi inayofuata, "fa". Kwa wiki tatu tu darasa zima likawa linasoma muziki, kinyume kabisa na mpango wetu, unaoruhusu noti moja kwa mwaka.

Nikaenda mwenyewe.

"Mwalimu, kibali cha kuruka kiko wapi?"

"Mzee wangu, watoto hawa hata nikiwafunga kamba wataruka."

"Wataruka kiholela. Hapo ndipo penye tatizo."

Nikampa siku saba: ama watoto wanakili noti daftarini kimya kimya, ama yeye ahamishiwe kitengo cha kuhesabu madawati mabovu. Binti mmoja mwenye pengo akanivuta koti.

"Babu, ukimwondoa mwalimu, nani atatuimbisha?"

Nikamfafanulia kwamba mimi si babu, mimi ni mamlaka.

Siku ya saba Mkurugenzi wetu alikuja kuhakikisha agizo limetekelezwa. Halikuwa limetekelezwa. Mistari ilikuwa palepale, tena imekolezwa. Mkurugenzi akaingia kwa hasira na kusimama juu ya mstari wa pili.

"Watoto, mchezo ni adui wa…"

"Sooo!" darasa likaitikia.

Akasogea.

"Laaa!"

"Nyamazeni!" Akarudi nyuma kwa kishindo, akatanua miguu. Upande wa kushoto ukaimba "mi", wa kulia "so". Nakiri, kwa masikitiko, kwamba noti hizo zilipatana.

"Mwalimu, wanyamazishe hawa!"

"Bosi, wanasoma tu ulichoandika kwa miguu."

Akainua mguu mmoja. Nusu ya darasa ikanyamaza. Mkurugenzi ni mtu wa kuelewa mambo haraka: akauinua na wa pili. Kimya kikapatikana, kwa muda wote aliokuwa hewani. Akatua: "Faaa!" Akaruka tena. Akazidi kuruka, tai begani, jasho chapachapa, akitafuta kimya, mpaka wimbo mzima ukakamilika. Watoto wakampigia makofi.

Mkurugenzi akaduwaa. Katika utumishi wake wote, hakuwahi kupigiwa makofi bila waraka wa kuyaagiza. Akajifuta uso, akamgeukia mwalimu.

"Eti… nimeimba nini?"

"Sijui, bosi. Umeutunga wewe."

Waraka mpya ulitoka jioni ileile: mwalimu abaki, na maafisa wote waandamizi wahudhurie darasa la pili kila Jumatatu, peku.

Hadi naandika taarifa hii, Mkurugenzi amefika mstari wa tano. Mimi bado niko kwenye mi, na watoto wamenisihi nisikate tamaa.