Sanduku la Samaki la Karani Murunga

Jumatatu, 2 Julai 1951
Baridi ya Eldoret leo inakata masikio. Hatimaye nimepata vioo vinne vya dirisha. Nanzala amefurahi sana. Mimba yake ni ya miezi tisa sasa, na amesema afadhali lile gunia tulilotundika dirishani litoke kabla mtoto hajafika. Amesema pia mama yake anakuja Ijumaa kutoka Broderick Falls, kuangalia kama hapa ni mahali pa binti yake kujifungulia. Asiporidhika ataondoka naye.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Mchana nimepeleka barua nyumbani kwa Bwana wetu wa stoo ya mahindi. Sebuleni, sanduku la vioo! Maji tele, majani mabichi yanacheza ndani, samaki wadogo wanapita wamejipamba kama wageni wa harusi. Nimesimama hapo mpaka mpishi, Mzee Wepukhulu, akaniuliza kama nimerogwa.

Mama mkwe akikuta kitu kama hicho kwangu, gunia hata hataliona.

Jumanne, 3 Julai
Vioo ni vinne. Sanduku lina pande nne. Huu si mpango wangu, ni wa Mungu.

Nimeunga kwa mbao na lami ya barabara. Nimemweleza Nanzala kwamba dirisha linaweza kungoja, mkwe hangoji. Amejibu kwamba asiyengoja ni mtoto. Nikaendelea kupaka lami.

Jioni nimemfuata Mzee Wepukhulu anipe siri. Nioshe mchanga mpaka maji yatoke meupe. Nipande majani, ningoje wiki mbili. Halafu nitie samaki watatu, wakizidi wanne. Wiki mbili! Wazee wana muda mwingi.

Jumatano, 4 Julai
Nimeomba ruhusa kazini, eti jino. Mtoni Sosiani nimeng'oa majani, nimechota mchanga, nimevua samaki kumi na tisa kwa pazia la Nanzala. Pazia limechanika. Suruali pia.

Kipkemboi, jirani yangu na karani mwenzangu, amenikuta hapo. Kwao samaki si chakula, ni ndugu wa nyoka. Ameuliza kama siku hizi nafuga nyoka. Acha acheke. Mwaka jana mama mkwe alisimama mlangoni pake saa nzima akisikiliza santuri yake, kisha akamwambia Nanzala kwamba hapo ndipo nyumbani kwa mwanaume. Mimi sijasahau.

Mchanga nimeuosha mara moja. Majani yamelegea, yanasikitisha. Nimeyatilia mbolea ya mbuzi, vikombe viwili, kama tunavyofanya kwa sukuma wiki.

Alhamisi, 5 Julai
Maji yamekuwa na rangi ya chai. Lakini samaki wote wako juu, wananifungulia midomo kila nikikaribia. Wamenizoea mapema hivi! Nimewasalimu mmoja mmoja.

Nanzala amelala na koti langu. Upepo wa dirishani unamsumbua mgongo.

Ijumaa, 6 Julai
Naandika nikiwa kwa Kipkemboi, na sijui nianzie wapi.

Kwetu mwanaume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, wala hawaangaliani usoni. Hili nimelijua tangu utotoni. Siku tatu nimejenga, nimepaka, nimevua, na halikuniingia akilini hata mara moja. Mama mkwe aliingia kwa mlango wa mbele, mimi nikatoka kwa nyuma. Nikakaa nje juu ya debe kusikiliza anavyoshangaa.

Hakushangaa. Alimtuma Nanzala aniulize kupitia ukutani mbona hao samaki wanahema. Nikajibu ni baridi, wasogezewe jiko. Nanzala akauliza, jiko gani, hili ambalo mama anaota? Nikasema hilohilo. Mama ni mtu mzima, ana blanketi, wale ni wadogo.

Jiko nikalisikia likiburutwa. Halafu paa! Kioo kimepasuka. Maji yameingia kwenye unga, kwenye godoro, kwenye viatu vya mama mkwe. Nilibaki nje nikisikia mke wangu na tumbo lake anaokota samaki sakafuni, na siwezi kuingia kumsaidia.

Mama mkwe amesema, na amesema kwa sauti ili nisikie, kwamba sasa ameelewa nani anatunzwa katika nyumba hii.

Santuri ya Kipkemboi inalia. Hajanicheka. Hilo limeniuma zaidi.

Jumamosi, 7 Julai
Wameondoka kwa treni. Niliwafuata kwa mbali kwa sababu ya mkwe, kwa hiyo hata kwaheri sikusema. Nanzala aligeuka mara moja. Nimejuta. Nimejuta kabisa. Naapa sitashika samaki tena.

Jumapili, 29 Julai
Barua ilikuja wiki iliyopita. Mtoto wa kike, Namalwa. Nililia ofisini mbele ya watu.

Nikanunua vioo vingine, nikavitia dirishani, kweli kabisa. Nikanunua na beseni la kumwogeshea mtoto. Ijumaa nikapanda treni. Mzee, baba yake Nanzala, alinipokea vizuri. Namalwa akawekwa mapajani pangu, mzito, ana paji langu la uso. Mzee akasema nyumba ikiwa imetengenezwa niwachukue watu wangu, treni ni kesho mchana. Nanzala akatabasamu. Akafunga mizigo usiku huohuo.

Jana, tukiwa tayari kutoka, nikauliza kama kijito cha pale chini kina samaki. Kuuliza tu. Mzee akasema kina wadogo wenye mkia mwekundu. Nikamwambia Nanzala nipe dakika tano.

Niliporudi na debe, treni ilikuwa imeshapita. Nanzala alikuwa amefungua mizigo, nepi ziko kwenye kamba. Hakunigombeza. Alimchukua mtoto akaingia jikoni kwa mama yake, mahali ambapo mimi siwezi kumfuata.

Leo nimerudi peke yangu. Samaki ishirini na wawili, wote wamefika wazima. Nimewaweka kwenye beseni la Namalwa. Nimefikiria sana njiani na kosa nimelijua: safari hii mbolea itakuwa ya ng'ombe.