Golikipa wa Mahari

Jumamosi, 6 Septemba

Tumepigwa. Nusu fainali, kwa penalti, na watu wa Smithfield! Sisi wa Toongabbie, mtaa wetu hapa Sydney, tulikuwa na mpira, tulikuwa na nguvu, tulikuwa na mimi. Sielewi.

Nilisimama nyuma ya goli mechi nzima nikimwelekeza golikipa wetu Kalume. Panda! Shuka! Fungua macho, mama yako anakulisha nini? Penalti zilipofika nikampigia kelele kila mara aruke upande gani. Kila mara mpira ukaenda upande mwingine. Wapigaji wao walikuwa wanacheka hata kabla ya kupiga. Watu hawana adabu.

Kalume akanitupia glavu miguuni. Mzee Wilondja, zivae wewe, akasema. Sikuvaa. Zinanibana.

Lakini golikipa wao, Balagizi! Mrefu kama nguzo ya umeme. Zamu yake golini nilimtukana yeye na viatu vyake, hata hakugeuka. Akadaka tu. Huyo ndiye mwanaume.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada tulibaki na chai na mandazi kuchambua msiba wetu. Wote wamekubali: msimu ujao tunahitaji golikipa. Kalume amesema harudi golini mpaka mimi niwe naangalia mechi kutoka stesheni ya treni. Utoto.

Nimewaza njiani. Katika mji huu wiki nzima hakuna anayeniuliza kitu. Hospitali daktari anamtazama Falone, mtoto wa marehemu mdogo wangu, anamuuliza yeye kwa Kiingereza mimi naumwa wapi. Benki vilevile. Uwanjani wananiuliza mimi. Wakati mwingine wananiuliza kwa nini nisikae chini, lakini ni swali.

Golikipa nitamleta mimi. Waone.

Jumanne, 9 Septemba

Falone alikuja ametoka kazini kwa wale wazee anaowatunza. Akaniletea sombe, majani ya muhogo ya kwetu, na samaki. Nikajua ana neno, sombe haiji bure. Akainama akasema Jumamosi wageni watakuja kumposa. Nikauliza kijana ni nani. Balagizi wa Smithfield, akasema.

Mwiba wa samaki ulikaribia kuniua! Nilipopata pumzi nikamshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakafungua dirisha. Falone akalia kwa furaha. Alidhani nafurahi kwa ajili yake. Na kweli nilifurahi kwa ajili yake pia.

Basi nikamfungulia akili yangu. Nikamwambia mbuzi wa Sydney ni nyama ya friza tu, itatusaidia nini? Mahari yake watuletee golikipa. Kijana ahamie kwetu, tumemaliza.

Akanijibu kwa Kiingereza, maana hasira yake haijui Kiswahili. Kisha akanirudishia polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: baba mkubwa, ukitaja mpira Jumamosi, baba mdogo Patrick atakaa kwenye kiti chako cha mzazi. Na siku ya harusi kanisani ataniingiza yeye.

Patrick! Mdogo wangu wa mwisho, aliyefika nchi hii juzi, na hana hata timu!

Alhamisi, 11 Septemba

Sina hamu ya kula.

Marehemu mdogo wangu aliniachia yule mtoto bado anabebwa. Nilipanda naye milima tukikimbia vita, nimemfunga mgongoni kama mwanamke, watu wakanicheka. Kichwa chake kilikuwa hapa, shingoni. Alikuwa na joto la homa, na mimi nikawa namwimbia ili asilale moja kwa moja. Siimbi vizuri. Hakulala.

Kile kiti ni changu. Patrick hajabeba mtu.

Nimempigia Falone simu. Nimeapa kwa jina la baba yake kwamba neno mpira halitatoka kinywani mwangu. Akanishukuru sana.

Mpira. Niliapa mpira. Kuhusu mikono sikuapa.

Jumamosi, 13 Septemba

Wageni walikuja wengi, wamependeza. Msemaji wao Marie-Jeanne, shangazi wa kijana, mwanamke wa kilo na maneno. Wakaleta vitenge, blanketi, sufuria kubwa, na mimi koti. Koti zuri! Nilikaa kwenye kiti changu nikatulia kama askofu. Falone alinichungulia kutoka jikoni akatabasamu.

Ndipo Marie-Jeanne akauliza kama upande wa binti umebaki na neno lolote.

Nikasema hatuna neno. Ila mkwe wetu ana mikono mizuri, na mikono mizuri ikae nyumbani kwa wakwe. Hasa Jumamosi.

Patrick akaanza kunyanyuka, na macho yake kwenye kiti changu.

Wakamwita Falone, kama desturi, aseme kama tupokee vitu au turudishe. Alisimama, akanitazama muda mrefu. Sikuweza kumtazama. Nilitazama vifungo vya koti. Nikajua nimekwisha, ataniondoa mbele ya watu, na kosa si la mtu mwingine. Ni la Patrick, lakini nani angeniamini.

Falone akasema tupokee. Anamtaka Balagizi, na anamtaka baba mkubwa wake akae palepale alipokaa. Na mikono apewe, kama Balagizi anakubali. Balagizi akaitika kwa kichwa. Lakini, Falone akaendelea, wazee mnishikie desturi: kuanzia leo huyu ni mkwe. Mkwe hatukanwi. Mkwe hapigiwi kelele. Mbele ya mkwe mzee anashusha sauti.

Marie-Jeanne ndiye aliyeanza vigelegele. Cha ajabu, wachezaji wetu, waliokuja kukaa upande wa binti, walishangilia kuliko wageni. Kalume alipanda juu ya meza.

Nimeshinda! Kiti changu, golikipa wangu.

Jumamosi, 20 Septemba

Mechi ya kirafiki. Mkwe golini kwetu. Dakika za mwanzo tu akatoka mbele mno, mtoto mdogo angeona! Nikafungua kinywa. Honorine, mke wangu, akakohoa. Nikafunga.

Nilikwenda kusimama kwenye maegesho. Ndege wa hapa, yule mweusi na mweupe, akanipiga kichwani. Hata yeye sikuweza kumtukana, mkwe alikuwa karibu.

Tumeshinda. Kalume amerudi, sasa anacheza mbele, na amefunga. Watu wanasema ekipe, timu yetu, haijawahi kutulia hivi. Ni mipango yangu.

Mapumziko mkwe aliniletea kiti cha kukunja. Akakiweka kwa mikono miwili, macho chini, akaondoka kinyumenyume. Uwanja ule nimesimama miaka. Hakuna aliyewahi kuniletea kiti.

Nilikaa. Nilikaa sana.

Jumapili, 21 Septemba

Chai na mandazi. Wote wamekubali bado tuna tundu kwa beki wa kushoto. Yule wa Smithfield ana miguu ya chuma, tena nimeulizia, hajaoa. Na Nicole, binti wa dada yangu, anamaliza masomo ya unesi mwaka huu. Nimemwalika Jumanne. Safari hii sombe napika mimi.

Ukoo wetu una wasichana wengi, Mungu asifiwe. Siku nitakapojaza uwanja kwa wakwe kumi na mmoja, ndipo Sydney yote itaisikia sauti ya Wilondja!