Uzito wa Bure

Abbasi Matonya alipoiona mashua ya Bwana Maji, Mzungu wa idara ya maji, imeegeshwa juu ya tela nyuma ya karakana, alijua riziki imemjia juu ya magurudumu manne. Mzungu yule alikuwa anarudi kwao, na mashua yenyewe ilikuwa kuukuu, ya kushindania mbio na ya kulala ndani, imekauka kwa jua la Dodoma mpaka mbao zimeachana kama ndugu waliogombea urithi. Abbasi akatoa baiskeli yake, akapewa mashua. Akaziba nyufa kwa nta na udongo, akapiga rangi ya buluu, ikang'aa kuliko ahadi zake.

Aliyemlenga ni mzee Kassamali, mwoka mikate, mwenye pikipiki na hamu ya kuonekana kwenye bwawa la Hombolo siku ambayo Wazungu wa klabu hushindana kwa matanga. Pikipiki ile Abbasi alikwisha kuigawa kichwani: alimwahidi mchumba wake, Ruthu, kumpeleka nayo Kibakwe kwa wazazi wake, na Ruthu alikwisha kushona gauni.

Abbasi alimwaga sifa mpaka koo likakauka. Kassamali alimsikiliza kwa upole wa mtu asiyejua lolote, akainama, akagonga pande la risasi, ile metali nzito, lililofungwa chini ya tumbo la mashua.

"Na hili?"

Abbasi, ambaye maji mengi aliyowahi kuyatawala ni ya beseni, hakuwa mtu wa kukosa jibu. "Uzito wa bure, mzee. Wazungu wanapenda kujitesa. Likitoka, itakimbia kama swala."

"Nilitoe?"

"Litoe, ulitupe utakako."

Wakapatana: Jumapili Abbasi aipeleke mwenyewe hadi katikati ya bwawa. Ikirudi imesimama, pikipiki ni yake.

Jumapili akapanda na suti ya kuazima, akampungia Ruthu mkono. Tanga likashika upepo. Mashua ikainama kidogo, kwa adabu, kama inayoamkia wakubwa. Kisha ikaendelea kuinama, ikalala kifudifudi juu ya nahodha wake.

Walipomvuta nchi kavu, Kassamali alimpa taulo. "Marehemu baba alifilisiwa na mashua kama hii," alisema. "Kila mwaka rangi, kila mwaka tanga, kila mwaka kuziba. Kitu kisichozeeka ni ile risasi, ndiyo inayoisimamisha majini. Mafundi wa betri wamenilipa vizuri."

"Risasi yangu, mzee?"

"Si ulisema nilitupe nitakako? Nimelitupa kwao. Mbao nazo nitazichukua kwa tanuri, nikupe mikate."

Abbasi alikataa kwa kiburi kilichokuwa kinachuruzika maji.

Ruthu akamsogelea. "Kibakwe tutakwenda na nini?"

"Tukiipindua hii, Ruthu, ni nyumba kamili. Ndani ina vitanda viwili."

Ruthu akaitazama mashua, akamtazama yeye, akakusanya gauni lake na kupanda kiti cha nyuma cha pikipiki ya Kassamali.

"Nishushe stendi, mzee," alisema. "Na twende upesi, kabla hajaniuzia kitanda kimoja."