Mmehamisha Mkwe, Mmenifunga Mdomo

Kalundu, Uvira
Jumanne jioni

Kwa Ndugu Révérien, Prezida wa Komite ya Mawimbi, timu ya mpira wa kikapu ya Kalundu

Ndugu Prezida,

Nakusalimu wewe na komite yako kwa heshima yote mnayostahili, pamoja na heshima ile nyingine ambayo hamstahili lakini nawapa kwa sababu nimelelewa vizuri. Mimi ni Generose, Mama Félicité, muuza ndagala pale maboti yanaposhusha samaki. Kama jina halikukumbushi kitu, mimi ndiye yule mama anayesimama kwenye laini ya uwanja, upande wa ziwa, mwenye filimbi ambayo mwamuzi ameniomba mara nyingi niiache nyumbani.

Nimesikia kwamba, kabla dirisha la kuhamisha wachezaji halijafungwa Jumamosi hii, mmempeleka mkwe wangu kwa timu ya Radi ya Mulongwe, nao wamewapa Sévère, pamoja na mipira miwili mipya na pampu yake. Jina la mkwe wangu ni Luc. Nimeliandika mara moja ili makaratasi yenu yawe sawa. Kulitamka siwezi, na kuanzia hapa nitamwita Baba Chance, kwa jina la mjukuu wangu, kama inavyompasa mama mkwe mwenye adabu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hamkumuuliza mtu. Habari nimeipata kwa mteja, tena mbele ya watu: "Mama Félicité, mukwe wako bamemupeleka Mulongwe na weye hauyue?" Nilishtuka nikampimia ndagala mara mbili, na mpaka leo hajarudi kusema asante. Huku kwetu hata mbuzi akitoka nyumba moja kwenda nyingine, watu hukaa chini kwanza, wakanywa kitu, wakamtazama meno. Ninyi mmemtoa kijana wa watu kama mnaazimana sufuria.

Mnasema timu kubwa za Amerika nazo hubadilishana watu kila mwaka kabla dirisha halijafungwa. Najua, naangalia kwenye simu ya Félicité. Lakini kule mchezaji akihamishwa hupanda ndege, akaenda kuishi mji mwingine, na anayetaka kumchukia anamchukia kwa raha zake. Ninyi mmemhamisha mtu ambaye moto, pikipiki ya abiria, inamrudisha kwake kabla chai haijapoa. Mchana ni adui yetu, jioni anakula sombe ya binti yangu.

2. Sina ubaya na Sévère. Ni kijana mpole, anasalimia, na ni mrefu kweli. Akisimama uwanjani nadhani anaona mpaka Bujumbura. Tatizo ni kwamba huko ndiko anakoangalia, na mpira unampita sikioni. Nilimtazama msimu mzima alipokuwa upande wa Mulongwe, na nilimshangilia kwa moyo wangu wote, maana hakuna mtu aliyetusaidia kama yeye. Baba Chance ni mfupi, mtoto wa wakulima wa Katogota, lakini akishika mpira hata wale waliokuja kuuza karanga wanasimama. Mtu wa namna hiyo hauzwi kwa urefu.

3. Sasa nafika kwenye kidonda chenyewe. Wewe unajua, lakini naandika kwa ajili ya wajumbe wako ambao huja uwanjani kupiga picha: mchezaji akichezewa vibaya hupewa kutupa mpira peke yake, hakuna anayemkaba, na uwanja wote unanyamaza. Ndugu Prezida, kimya hicho ni changu. Miaka yote nimekijaza mimi. Yule kijana wa Kasenga nilimuuliza tu kama mama yake anajua kwamba amevaa soksi za shule, akakosa mitupo yote miwili. Kapteni wa Kavimvira nilimwambia pole, pole sana baba, bila kumweleza pole ya nini, na mpira wake tukautafuta ziwani. Kazi hii sijawahi kulipwa wala kushukuriwa, na sijalalamika.

Jumapili tunacheza na Mulongwe. Baba Chance akisimama pale kutupa, mimi niseme nini? Mimi na yeye hatupeani mkono. Hali chakula mbele yangu. Tukikutana njiani ananipisha na kuangalia chini, nami naangalia milima. Hayo ndiyo mapenzi yetu, na yametutosha. Alipokuwa wetu nilishangilia timu nzima kwa jumla, naye akiwemo humo ndani, na hakuna aliyevunja adabu. Leo nimuulize habari za soksi? Soksi zile nimemnunulia mimi, nikampa Félicité aseme zimetoka kwake. Kocha wa Mulongwe si mjinga. Atamwambia aingie katikati ya watu, achezewe vibaya, asimame akatupe, tena na tena, akijua kwamba mdomo wa Kalundu umefungwa.

4. Na balaa haliishii kwangu. Kapteni wetu Jean-Marie ni mdogo wangu, tumbo moja, kwa hiyo naye ni mkwe. Ndiye anayepaswa kumkaba Baba Chance. Kumkaba mtu ni kumwekea kifua, kiuno na viwiko, na mimi sijaona ukoo wowote, wa tambarare ya Ruzizi wala wa milimani, unaomwekea mkwe kiwiko. Dada zangu wawili ndio wapiga ngoma. Wameniambia tayari kwamba ngoma ya kumzomea mume wa Félicité hawaijui na hawatajifunza. Kwa hiyo mmewapa Mulongwe mchezaji, kapteni, ngoma mbili na mama mmoja. Ninyi mmepata pampu.

5. Kwa unyenyekevu naomba mmrudishe Baba Chance kabla ya Jumamosi. Sévère arudi kwao. Mipira mnaweza kubaki nayo, mseme imechukuliwa na maji. Kama hilo haliwezekani, wekeni sheria kwamba mchezaji aliyeoa hahamishwi mpaka wakwe wa pande zote mbili wakae chini, na dirisha lenu lisubiri. Kama nalo ni gumu, basi nusu ya uwanja iliyo upande wangu ihesabiwe kuwa ni nyumbani kwangu, ambako mkwe haingii bila kupiga hodi na kungoja ajibiwe. Na kama yote yameshindikana, ihamisheni komite. Nendeni wote Mulongwe, nao watupe mtu mmoja tu anayejua kusikiliza. Pampu tutawaongezea.

Nimetania, lakini nimeumia. Mwaka ule ziwa lilipoingia ndani ya nyumba yangu, Baba Chance alifika kabla ya watoto wangu mwenyewe. Alibeba kitanda changu kichwani, maji yakiwa kifuani, akarudi kuchukua masufuria, akarudi tena kuchukua kuku. Hakusema neno, na mimi sikumshukuru, kwa sababu hatuzungumzi. Kitu pekee nilichoweza kumlipa ni kelele zangu pale kwenye laini. Hizo ndizo mlizomnyang'anya.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, Claudette, na watoto wote. Msalimie katibu, mwambie simu yake ina tatizo, haipokei namba yangu. Msalimie mwamuzi, mwambie filimbi ni nzima. Salamu kwa wajumbe waliokataa uhamisho huu, na wale waliokubali wasalimie pia, lakini kwa sauti ndogo.

Ni mimi, ninayeendelea kuwapenda kwa shida,

Generose, Mama Félicité

Nyongeza, Alhamisi asubuhi. Mvua imeizuia barua hii, na jana tukacheza na Mulongwe mechi ya kirafiki ya kujaribu wachezaji wapya. Nilikwenda nikiwa nimejifunga kitenge mdomoni ili nisijisahau. Mwisho kabisa tukiwa sawa kwa pointi, Jean-Marie akamgonga Baba Chance kwa bahati mbaya, akapiga magoti kumwomba radhi mbele ya mwamuzi. Mitupo miwili. Kalundu yote ikanigeukia mimi. Naye alijua niko pale nyuma ya kikapu, akainamisha macho kwa adabu, akatupa akiwa anaangalia viatu vyake. Mpira ukapita mbali, haukugusa hata chuma. Watu wetu wakaruka kwa furaha, dada zangu wakapiga ngoma kwa kujisahau, na mimi, Ndugu Prezida, nilisikia uchungu kama wa kuzaa. Kabla sijajua ninafanya nini, kitenge kilikuwa shingoni na nilikuwa nimeshapiga kelele: "Luc! Inua macho, mutoto yangu! Minye niko hapa, tupa!"

Akainua macho. Akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu amuoe Félicité, akatupa, na tumefungwa kwa pointi moja.

Tangu jana hakuna anayenisalimia hapa Kalundu, na wateja wananunua ndagala kwa Marie-Jeanne, ambaye hata mpira haupendi. Kwa hiyo futa namba ya kwanza mpaka ya tano. Sévère abaki, muwe na subira naye, atazoea. Lakini kwa kuwa dirisha bado liko wazi, naomba mnihamishe mimi niende Mulongwe. Sidai mipira wala pampu, na mkitaka mtu wa kubadilishana, waambieni wao wamlete mama yeyote mwenye sauti. Ila mfanye haraka, maana Jumapili mtoto anacheza.