Malalamiko Kuhusu Ushindi wa Binti Yangu Ambao Sikuuona

Agneta Ondiek,
Mwenyekiti, Kikundi cha Akina Mama Waanika Omena,
Usenge.

Kwa Katibu,
Kamati ya Mbio za Magari Kando ya Ziwa,
Kisumu.

Bwana Katibu mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUFUTA USHINDI WA WINNY ONDIEK NA KUURUDIA SIKU YA JUA

Nakusalimu nikiwa mzima, na natumaini nguo zako za Jumamosi zimekauka. Zangu bado.

Mimi ni mama yake Winny. Ukisema hivyo tu pale kwenye gereji za Kisumu hutaulizwa Winny gani, lakini kwa kuwa wewe ni mtu wa ofisi nitaeleza. Ni yule msichana wa Probox nyeupe namba ishirini na saba. Gari hiyo tuliachiwa na marehemu baba yake, ikabeba omena yangu, dagaa wa ziwani, miaka mingi kutoka Usenge mpaka sokoni Kisumu, na sasa inambeba Winny peke yake kwa sababu viti vingine aliving'oa ili iwe nyepesi. Injini aliifungua na kuifunga kwa mikono yake mwenyewe, mikono niliyoiosha mimi. Alikuwa msichana wa pekee siku ile, na alimshinda kijana wa Eldoret anayeitwa Joram, mwenye gari ya bluu iliyo chini kama inatafuta sindano, na ambayo ilikuwa inanguruma hata kabla haijaenda popote.

Hayo yote nimeambiwa. Mimi mwenyewe sikuona, na ndiyo sababu ya barua hii.

Najua wazazi wengine wanakuandikia kwa kuwa watoto wao wameshindwa. Mimi naandika kwa kuwa wangu ameshinda. Nakuomba kwa heshima ushindi huo uufute, mbio zirudiwe, safari hii nikiwepo mimi na macho yangu.

Nilifika darasa la saba, na mwalimu wetu alituambia malalamiko yakiwa mengi yapewe namba, ili msomaji akichoka ajue amechokea wapi. Kwa hivyo:

1. Kuhusu mvua. Nilifika pale kwenye ile barabara mpya mliyoifunga saa tatu asubuhi, mimi na wanawake kumi na wawili wa kikundi, na nikamwambia kijana wenu Idd, yule wa reflekta ya manjano, kwamba mbio zifanywe sasa hivi. Kulikuwa na joto la kukaba shingo na milima ya Nandi ilikuwa imeanza kujifunika. Sisi tunaoanika omena tunaishi kwa kuangalia juu. Ukikosea nusu saa, mzigo wa siku tatu unakuwa chakula cha kuku. Idd akanijibu vizuri tu, Mama, tumeangalia kwenye simu. Akanionyesha. Kwenye simu kulikuwa na jua dogo la manjano. Saa saba na nusu mvua ikanyesha juu ya hiyo simu.

2. Kuhusu dakika kumi. Mtangazaji wenu, ambaye ana sauti nzuri na simlaumu kwa hiyo, alisema tungoje dakika kumi. Baada ya dakika kumi akasema dakika kumi. Rafiki yangu Khadijah, anayenunua omena yangu mwaka wa kumi na tisa sasa, alianza kufunga fundo moja kwenye nyuzi za mtandio wake kila dakika kumi zilipotangazwa, ili tuwe na ushahidi. Mtandio uliisha nyuzi upande mmoja, akageuza. Bwana Katibu, mtu akiambiwa angoje masaa matatu anajua la kufanya: atakula, atalala, atapiga simu nyumbani. Akiambiwa dakika kumi hata chooni haendi. Naomba kamati ijue kwamba kuna watu wazima waliovumilia mengi siku hiyo, na sitasema zaidi.

3. Kuhusu hema. Hema lenu lilikuwa la wageni wa heshima, na wageni wa heshima hawakuja kwa sababu ya mvua. Kwa hiyo viti arobaini vyeupe vilikaa pakavu vikitutazama sisi tukinyeshewa. Mimi sisafiri bila maturubai yangu ya omena. Nikayafungua, akina mama wakashika pembe, na watu wote waliokuwa karibu wakaingia chini, wa timu yoyote. Mmoja mpaka alikuwa amevaa jezi ya mbio za baiskeli. Nikawagawia nyoyo niliyopika usiku, mahindi na maharagwe, na chai ya Khadijah ikazunguka kwa vikombe vitatu. Hapo ndipo watazamaji wenu walipotunzwa, chini ya maturubai yangu, na kwenye matangazo ya shukrani sikusikia hata herufi moja ya jina langu.

Kando yangu alisimama mama mmoja mpole, Jentrix, kutoka Eldoret. Nikamsimulia jinsi Winny akiwa na miaka tisa alifungua cherehani yangu yote na kuirudisha, ikabaki skrubu moja, na ikashona vizuri kuliko mwanzo. Yeye akanisimulia mtoto wake aliyetengeneza pampu ya maji ya jirani akiwa bado anavaa kaptula. Nikamwambia wangu ana adabu. Akasema wake hajawahi kumjibu. Tulishindana hivyo saa nzima, tukipendana sana, mpaka mtangazaji aliposoma majina ya wawili watakaotangulia mvua ikikoma: Winny Ondiek na Joram Waliaula. Jentrix akaniangalia. Nikamwangalia. Halafu akaniuliza kama nyoyo imebaki.

4. Kuhusu ndege. Kwenye ripoti yenu mliyobandika pale getini mmeandika kwamba mbio zilichelewa zaidi "kwa sababu ya ndege na harufu". Hapo naomba nisikilizwe vizuri.

Mvua ilipopungua mlianza kukausha lami kwa mifagio na vipande vya magodoro, na pikapu moja ikawa inaenda na kurudi kama imesahau kitu. Manyunyu yakarudi. Mimi kwa roho safi nikatoa maturubai yafunike pale magari yanapoanzia. Idd mwenyewe akasema, Mama, lete. Tukayatandika kwa ustadi ambao hakuna kamati inaweza kununua, na tulipoyaondoa lami ilikuwa kavu kama nilivyoahidi. Kama kulibaki omena chache na mafuta kidogo, hayo ni maturubai ya kazi, si ya harusi. Sasa wale ndege weupe wakashuka. Wakafuatwa na kunguru. Wakafuatwa na korongo watatu wa dampo, wale wenye upara, wakasimama kwenye mstari wa kuanzia wakiangalia taa ya kuanzishia mbio kama wanangoja kijani.

Nasema hivi: kitu kinachotoka juu na kuanguka barabarani ni hali ya hewa. Ndege walitoka juu. Na hata kama sivyo, nani aliwaambia muoshe lami kwa sabuni? Ikilowa mnaikausha, ikikauka mnaiosha. Hapo mlitupotezea dakika arobaini, na Khadijah akakosa nyuzi kabisa.

5. Kuhusu sekunde. Tulingoja tangu saa saba na nusu mpaka saa kumi na moja. Mbio zenyewe, nimeambiwa, zilichukua sekunde kumi na nne. Hapo hakuna haki. Mchungaji wetu akichelewa masaa mawili anahubiri matatu, na hakuna anayerudi nyumbani akisema hakuona kitu. Napendekeza mtu akingojeshwa zaidi ya saa moja, magari yaende polepole kwa kiasi hicho. Tena wakifika katikati wangesimama kidogo, wasalimie watu, kisha waendelee. Anayekimbia vizuri atakimbia vizuri hata baada ya salamu.

Winny amenionyesha kwenye simu. Kwenye simu kuna kitu cheupe kama punje ya mchele kinachopita. Mimi sikuzaa punje.

6. Kuhusu mwavuli. Mvua ilikuwa imekwisha, lakini kwa kuwa mtangazaji alisema inaweza kurudi baada ya dakika kumi, watu waliacha miavuli wazi. Mbele yangu kulikuwa na bwana mrefu mwenye mwavuli mkubwa kama paa la kibanda. Niliyoyaona ya ushindi wa mtoto wangu ni kitambaa cha kijani chenye kiraka. Hilo ni kosa la kamati.

7. Kuhusu Enos. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma.

Enos ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Miaka mitatu iliyopita, Winny alipoanza mambo haya, Enos alisema mbele ya watu kwamba nimelea msichana wa kulala chini ya magari kama kuku anayekimbia jua. Na mimi, Bwana Katibu, sikumjibu. Tena nikaona haya. Miaka mitatu nilipoulizwa Winny anafanya kazi gani nikasema yuko kwenye mambo ya usafiri. Alinialika kila mara akikimbia, na kila mara nikapata omena ya kuanika. Jumamosi ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda. Nilivaa gauni la Pasaka. Alipoliona, Winny alifuta mikono mara mbili kabla ya kunisalimia.

Enos hakuja kwa ajili yake. Alikuja mjini kung'oa jino, akapitia pale kutafuta lifti ya kurudi. Lakini alipanda juu ya pikapu ya mtu na akaona kila kitu, tangu taa mpaka mwisho. Jana baada ya ibada alisimama nje ya kanisa, mdomo bado umevimba, akawasimulia watu wote. Mkono mmoja Winny, mkono mwingine Joram. Moshi, kelele, mita mia nne. Kila akirudia moshi unaongezeka. Anasema "msichana wetu". Wazee wananigeukia mimi wakiuliza, Min Winny, yaani mama yake Winny, kwani ilikuwaje hasa? Na mimi niliyemzaa nasema, muulizeni Enos.

Kwa sababu hizo saba naomba yafuatayo. Ushindi wa Winny ufutwe. Yeye na Joram wakimbie tena, mapema asubuhi, kabla milima haijajifunika. Enos asipewe lifti siku hiyo. Mama wa dereva apewe mahali pa mbele pasipo na mwavuli, na magari yakipita yapige honi upande wake. Maturubai tutaleta, tukiwa tumeyafua.

Winny anasema kamati haijawahi kupokea barua kama hii. Anasema pia hawezi kuniahidi kwamba atashinda tena, kwa sababu Joram alichelewa kidogo taa ilipowaka na safari nyingine hatachelewa. Nimemwambia hiyo si kitu. Akishindwa, ashindwe nikimwona. Nimekosa miaka mitatu tayari.

Wasalimie wote wa kamati, na Idd, mwambie sina kinyongo na simu yake. Msalimie mtangazaji. Wasalimie wale wa mifagio na magodoro, walifanya kazi ya heshima. Kama korongo bado wako, nao pia. Khadijah anakusalimu na anauliza kama kuna anayejua kufungua mafundo. Kikundi chote kinakusalimu.

Ero kamano, asante sana, kwa kunisoma mpaka hapa.

Wako mwenye subira, nyingi kuliko mlivyostahili,

Agneta Ondiek
(mama yake Winny)

Nyongeza baada ya sahihi: Nilimpa Winny barua hii aisome kabla ya kuituma. Alisoma yote bila kucheka, akarudi kwenye namba sita, akaniuliza, Mama, mwavuli upi?

Basi nitasema. Bwana yule aliufunga mwavuli mara ya kwanza tu nilipomwomba, akatusogeza mimi na Jentrix mpaka kwenye kamba ya mbele. Jua lilikuwa limetoka. Lami ilikuwa kavu. Hapakuwa na ndege. Nilimwona Winny ndani ya ile helmeti, kadogo, akiwa kwenye kiti cha baba yake, na taa ilipoanza kushuka kuelekea kijani nikamshika Jentrix mkono nikafumba macho. Nilifumba kwa nguvu zote. Kulikuwa na kelele, kisha kukawa kimya. Nilipofumbua nikamuuliza Jentrix, nani ameshinda? Akasema alikuwa anataka kuniuliza mimi.

Kwa hiyo ushindi uache ulivyo, na lile la Enos na lifti pia nalifuta, maana bila yeye hata mimi nisingejua ilikuwaje. Lakini mkipanga mbio nyingine naomba mtuwekee viti viwili mbele, changu na cha Jentrix. Tumeshapigiana simu tukakubaliana kujaribu kuacha macho wazi. Tukishakaa, msiwashe taa haraka. Mtucheleweshe kidogo, tujikaze. Dakika kumi zitatosha.