Goti Langu, Baiskeli, na Mama Mkwe wa Ggaba

Jamani, leo nimechekwa na soko zima la samaki. Soko zima, na mizani zake.

Nyie wa kikundi mnaniuliza tangu asubuhi, "Vipi, umepanda baiskeli?" Nimepanda. Sasa kaeni niwaeleze nimeshukaje.

Kwa wageni humu: miezi mitano iliyopita nilifanyiwa operesheni ya goti la kushoto. Mshipa wa ndani ulikatika nilipoingia kwenye shimo na baiskeli (shimo lile bado lipo, limenona). Nikatembea na magongo miezi mitatu. Halafu nikayaacha, na hapo ndipo matatizo yangu na mama mkwe yalipoanza.

Mimi ni mtoto wa mwanajeshi, watu wetu ni wa huko Arua, kaskazini mwa Uganda. Nimekulia kambini, Kiswahili ndicho kilichonilea. Mume wangu Kato ni Muganda. Kato ni pacha, kwa hiyo mama yake ni Nnalongo, mama wa mapacha, na Nnalongo si mtu wa kusalimia umesimama. Mke wa mwanawe anapiga magoti, yote mawili, chini kabisa, na salamu zenyewe haziishi upesi. Mimi nilikuwa napiga vizuri tu kabla ya goti kuharibika. Nilijifunza kwa sababu nampenda yule mama.

Nilipokuwa na magongo, Nnalongo aliniletea supu ya samaki kila Ijumaa, akanisalimia nikiwa kwenye kiti, hakuna neno. Magongo yakaondoka, magoti hayakurudi. Shangazi yake Kato, yaani Ssenga, akaja kunitazama, akarudi na ripoti kwamba natembea vizuri kabisa, ila nikiona mkubwa nainama kidogo kama mtu anayeokota sindano. Nnalongo akamwambia Kato kwamba binti wa kambini sasa amepata kisingizio. Tangu siku hiyo ni wiki saba hajakanyaga kwangu. Supu imekatika. Namuuliza Kato, mama hajambo? Kato anatazama ukuta.

Na kweli siwezi kupiga magoti! Ananihudumia Eritie, Mkongomani mmoja mpole anayenifanyisha mazoezi ya goti. Wiki hii amenikunja mguu, amenikunjua, akasema, "Kinga, ndiyo. Kupiga magoti, hapana, miezi mine tena." Kinga kwao ni baiskeli. Nikamwambia, Eritie, nani atanielewa? Akasema baiskeli inalizungusha goti bila kulibebesha uzito, lakini ukipiga magoti unakandamiza palepale paliposhonwa. Kwake ni jambo la kawaida. Kwa mama mkwe ni uongo wenye cheti.

Nikaamua: nitaendesha kwa siri mpaka nipate namna ya kumweleza.

Basi leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kato alisema mama yuko Masaka kwenye mazishi, anarudi Jumapili. Nikaona Mungu ananipenda. Nikavaa kaptula yangu ya baiskeli, ile ya kubana yenye sponji nyuma. Nilifikiria kufunga leso juu yake, nikakumbuka leso ikiingia kwenye mnyororo narudi theatre kupasuliwa. Nikatoka hivyohivyo. Mpango: Bunga, palipo tambarare, dakika ishirini, nirudi nyumbani ninywe chai.

Dakika tano za mwanzo nililia. Sioni aibu kusema. Upepo usoni, goti linazunguka, haliumi. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba siendeshi tena maishani.

Halafu nikataka kusimama.

Eritie alinionya: ukisimama, ushukie mguu wa kulia, ule mzima. Sawa. Lakini Uganda tunapita kushoto. Ukingo wa kukanyagia uko kushoto. Kulia kuna bodaboda, teksi, na lori la mchanga. Kila nikipunguza mwendo niegemee kulia, bodaboda inapita imenigusa kiwiko. Nikiegemea kushoto, mguu mgonjwa tayari unataka kushuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi. Naurudisha juu. Nasonga mbele. Nikasema nitasimama kwenye kona. Kona ikapita. Nikasema nitasimama kanisani. Kanisa likapita, watu wa kwaya wakanipungia mkono, na mimi nikawapungia (kwa nini nilipunga, sijui).

Mnaoijua ile barabara mnajua kinachofuata. Baada ya tambarare inateremka. Inateremka mpaka ziwani. Na mwisho wake ni Ggaba.

Nilijua naelekea wapi. Msidhani sikujua. Ggaba ndiko Nnalongo anakouza samaki, ana meza yake kubwa karibu na mahali mitumbwi inaposhushia. Lakini nikajipa moyo: yuko Masaka. Nitafika chini, patakuwa na nafasi, nitasimama kwa mguu wa kulia kama mtu mwenye akili, nitapakia baiskeli kwenye bodaboda nirudi.

Chini hapakuwa na nafasi. Pikapu ilikuwa imeziba njia, wanashusha masanduku ya barafu, wanawake wamejaa na mabeseni. Nikashika breki zote mbili. Baiskeli ikasimama. Mimi nikaegemea kushoto.

Mguu ukashuka. Kwenye tope lenye magamba ya samaki.

Uliteleza. Baiskeli ikaenda huku, mimi nikaenda kule, na katika kuliokoa goti la kushoto nililirusha nyuma na kuangukia lile la kulia. Nikatua goti moja chini, mguu mwingine umenyooka nyuma yangu, viganja viwili vimekutana mbele kwenye tope, kichwa kimeinama kwa maumivu. Nikabaki hivyo. Nilikuwa naogopa kupumua.

Nilipofungua macho niliona ndala. Juu ya ndala, pindo la gomesi ya kijani, lile gauni refu la Kiganda, limefungiwa kiunoni lisilowe. Gomesi hiyo naijua. Mimi ndiye niliyeinunua.

(Mazishi yalifanyika jana. Amerudi alfajiri. Kato hakuulizwa, kwa hiyo hakusema.)

Nnalongo alikuwa na kisu cha kuparia mkononi. Akanitazama. Na mimi, niambieni, mtu aliye chini namna ile mbele ya mama mkwe anasema nini? Mdomo ukatoa wenyewe salamu ya asubuhi, "Mwasuze mutya, maama."

"Mmm," akaitika.

Nikajua nimekwisha. Salamu ikishaanza haikatwi katikati. Akaniuliza nimelalaje, nyumbani wamelalaje, mume wangu yukoje. Nikajibu. Akanipa pole ya kazi, nikampa pole ya kazi na ya msiba. Akaitika polepole, kwa sauti ya juu kuliko kawaida, ili meza za mbali zisikie. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mwingine akamwambia Nnalongo kwamba leo mkamwana amemheshimu, tena hadharani, tena kwenye tope. Machozi yananitoka, watu wanadhani ni majuto. Nnalongo mwenyewe macho yamemlegea. Wiki saba za hasira naziona zikiyeyuka usoni mwake, na mimi nasikia goti la kushoto linajaa.

Akasema kwa upole, "Simama, mwanangu. Imetosha."

Sikuweza.

"Simama."

Nikatikisa kichwa. Soko likaguna kwa heshima. Mtu akasema nyuma yangu kwamba hajawahi kuona mkwe wa namna hii, ameambiwa asimame na amekataa.

Ikabidi niseme, "Maama, siwezi."

Hapo ndipo alipoanza kuangalia vizuri. Aliona kofia ngumu kichwani mwangu. Aliona baiskeli imelala pembeni, gurudumu bado linazunguka. Akashuka na macho mpaka kwenye kaptula, akakaa hapo muda mrefu. Jamani, kaptula ile! Mbele ya Nnalongo! Nilitamani ziwa lipande linifuate.

"Hii baisikoli ya nani?"

"Yangu, maama."

"Nani ameileta hapa?"

"Mimi."

Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Kwa hiyo goti yako inaendesha baisikoli mpaka Ggaba. Lakini kunisalimia nyumbani kwa mtoto wangu, haiwezi."

Lilinichoma kuliko kuanguka. Nikaanza kumweleza habari za Eritie, za kuzungusha na kukandamiza, za paliposhonwa. Nilikuwa naeleza kwamba siwezi kupiga magoti huku nimepiga goti. Hata mimi nisingejiamini. Wanawake wa jirani wakaanza kucheka, mmoja akaketi kabisa ili acheke vizuri, na Nnalongo akageuka kurudi mezani kwake. Nikajua huyu mama nimempoteza. Sitampata tena, hata goti likipona, hata nikimpigia magoti mpaka uzeeni.

Wawili walionihurumia wakaninyanyua, wakanikalisha juu ya sanduku la samaki, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele. Na ndipo Nnalongo, aliyekuwa ametugeuzia mgongo, akatazama tena mara moja.

Sasa muelewe. Yule mama aliona magongo yangu miezi mitatu. Goti hakuwahi kuliona. Tangu hospitali nilikuwa nikimpokea na sketi ndefu, au nimejifunika shuka, kwa sababu mkwe hafunui mapaja mbele ya mama wa mumewe. Hiyo ndiyo heshima niliyofundishwa. Leo kaptula imeishia juu, na chini yake kuna kovu refu limekaa katikati ya goti kama zipu, na goti lenyewe limefura, linang'aa.

Akarudi. Akaliangalia kovu kwa karibu, akaligusa pembeni kwa kidole kilicholowa.

"Walikupasua hivi?"

"Ndiyo, maama."

"Na hukunionyesha."

"Niliona ni kukukosea heshima."

Aliweka kisu chini. Akachota barafu kutoka kwenye sanduku la sangara, akaifunga kwenye khanga yake. Halafu akakusanya gomesi kwa mkono mmoja, na mbele ya Ggaba yote, Nnalongo akapiga magoti kwenye tope. Yote mawili. Akaniwekea barafu gotini, akaishikilia kwa mikono miwili.

Kicheko kilikatika.

"Maama, inuka," nikasema. "Nakuomba, inuka, watu wanaona."

"Waone," akasema. "Wewe kaa."

Nilijaribu kushuka kwenye sanduku ili angalau tuwe sawa. Akanisukuma kifuani nikakaa. Nikajaribu tena. Akanisukuma tena. Kuna mtu alitoa simu. Halafu wa pili. Mimi nalia, nanuka sangara, nina kofia kichwani bado, nimekaa juu na kaptula ya sponji, na mama wa mapacha yuko chini miguuni pangu anafuta tope kwenye muundi wangu.

Sasa hivi nawaandikia kutoka kitandani kwake. Amekataa nirudi nyumbani. Goti liko juu ya mito mitatu. Eritie ameniambia kwa simu huenda hakuna kilichokatika, huenda kipo, Jumatatu ataangalia, na baiskeli niisahau kwanza. Hilo la "huenda" limenimaliza. Miezi mitano nimeijenga siku hii kwa mazoezi ya kila asubuhi, na imekwisha kwa nusu saa. Nnalongo ameninyang'anya simu hiyo, maana ni yake, sasa anaelezwa na Eritie mambo ya mshipa na anaitika "mmm" kwa kila kitu.

Kato amepiga dakika kumi zilizopita. Hakuniuliza kama nimeumia. Aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeketi chini kwanza, "Ni kweli umempigisha mama magoti sokoni?"

Nikamwambia aje, tutaongea. Amesema hawezi kuja bado, Ssenga yuko nje ya mlango wetu na picha kwenye simu, na ameleta Ssenga wengine wawili.

Basi picha hiyo ikiwafikia, na itawafikia, nawaomba kitu kimoja tu: msimtumie mtu mwingine, na msiniulize ni yupi kati yangu na mama mkwe aliyeolewa.