Stata ya Lori kwenye Pikapu ya Maziwa

Jumatatu, 14 Julai 2025

Wewe uliyeiokota shajara hii, nakusihi, funga mdomo. Usimsomee mtu hata mstari mmoja. Hasa Mzee Kemboi, mwenyekiti wa ushirika wetu wa maziwa hapa karibu na Sachangwan. Mimi ni karani wake, na bado naipenda kazi.

Asubuhi mbaya. Baridi ya Julai. Pikapu ya ushirika imekataa tena kuwaka. Wakulima wakaisukuma kwenye matope, gambuti zikiteleza, nami nikajifanya nakagua mitungi. Kosa ni langu. Ni mimi niliyeishawishi kamati itoe injini ya petroli na kuweka ya dizeli, iliyong'olewa kwenye lori kuukuu. Injini ina nguvu za ajabu. Ila stata yake, mota ya kuiwashia, ni ya lori, inataka volti ishirini na nne, na pikapu nzima ni ya kumi na mbili. Inajigeuza kama mgonjwa kitandani.

Kiprugut, dereva, amewatangazia wote kwamba gari la karani halitumii dizeli, linatumia watu. Wamecheka. Mwenyekiti pia. Halafu akaacha kucheka. Akasema lisipowaka lenyewe kufikia Ijumaa, kazi ya kubeba maziwa atapewa shemeji ya Kiprugut, nami nitarudi kwetu Njoro na vyeti vyangu.



Jumanne, 15 Julai

Nimepata dawa! Nimesoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Betri mbili zikifungwa bega kwa bega, zinatoa volti kumi na mbili. Zikifungwa moja nyuma ya nyingine, ishirini na nne. Kinachotakiwa ni swichi ya kuzipanga foleni wakati wa kuwasha, kisha kuzirudisha bega kwa bega.

Nimempigia fundi wa Nakuru mjini. Anasema swichi ya kazi hiyo huagizwa, na nyaya za stata lazima zitengwe kabisa na za taa na redio. Wiki mbili. Nikamwambia asante, endelea kuagiza. Wiki mbili sina.

Nimenunua betri ya pili, na kwa muuza vyuma vya trekta hendeli kubwa ya kutumika kama swichi hiyo. Kuukuu lakini nzito, ya kutia moyo. Fizikia nilipata B.

Alhamisi, 17 Julai

Imewaka! Nilishusha hendeli, nikageuza ufunguo, injini ikaitika kabla sijakunja uso. Nikairudisha hendeli juu, betri zikarudi bega kwa bega.

Kuna sharti moja tu. Nyaya sikuzitenga. Kwa hiyo kabla ya kushusha hendeli lazima uzime kila kitu, taa, redio, vyote, la sivyo navyo vitapata volti za lori. Nimemweleza Kiprugut. Akasema, "Sawa boss, kama kanisani, tunafumba macho kwanza."

Mwenyekiti amefurahi kupita kiasi. Amemwita Pasta Wamaitha aje kesho kuliombea gari, wakulima wote wakiwepo. Na huku kwetu gari likiombewa huwa limepambwa: taa zinawaka, wimbo wa sifa unalia. Nilitaka kumwambia kuhusu sharti. Lakini ukimwambia mwenyekiti kuna sharti, atauliza gari limetengenezwa au halijatengenezwa. Nikaenda kuliosha gari.

Nina mpango. Nitaliwasha kabla hawajafika, nitarudisha hendeli, kisha niwashe taa. Hakuna wa kujua.

Ijumaa, 18 Julai

Mpango ulikwenda vizuri. Injini inanguruma, taa zinawaka, redio inasifu. Akina mama wakapiga vigelegele. Pasta akaweka mkono juu ya boneti. Kisha akaomba injini izimwe kidogo, maana sauti yake haiwezi kushindana na dizeli. Kiprugut akazima injini. Taa na wimbo akaviacha.

Pasta akaomba kwa kirefu. Akaombea magurudumu. Akaombea hata barabara ya Molo. Aliposema Amina, mwenyekiti akanigeukia: "Karani, washa wewe mwenyewe. Watu waone."

Nilijua la kufanya. Zima taa, zima redio. Lakini wimbo ulikuwa umefika kwenye kiitikio, Pasta amefumba macho, mikono juu. Nani anazima sifa za Mungu mbele ya pasta? Si mimi. Nikashusha hendeli na kugeuza ufunguo.

Taa zikawa nyeupe kama jua la mchana, kisha zikawa hazipo. Redio ikatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwimbaji yeyote, ikafuatwa na moshi. Pasta akafumbua macho, akapaza sauti: "Ashindwe!" Wote wakajibu: "Ashindwe!" Mimi pia nilijibu. Kwa nguvu.

Na injini ikawaka. Yenyewe. Bila mtu kusukuma.

Pasta akaeleza kwamba kilichokuwa kinaizuia kimetoka kupitia redio. Mwenyekiti akanikumbatia, akasema kijana, hapa huendi popote. Kiprugut alinisogelea, akauliza polepole kama pepo alipotoka ilikuwa lazima abebe na taa. Nikamwambia hayo ni mambo ya kiroho.

Jumapili, 20 Julai

Nimetafakari kwa makini. Pikapu sasa inasubiri jua lichomoze ndipo itoke, na maziwa ya jana yalichelewa kidogo. Lakini hendeli haina kosa. Kosa ni la balbu, zilikuwa dhaifu. Fundi amepiga simu kwamba ile swichi imefika mapema. Nimemwambia airudishe.

Baada ya ibada mwenyekiti amenikabidhi trekta lake mwenyewe, na jenereta ya kupozea maziwa, ambayo pia huwa nzito kuwaka asubuhi. Kama volti ishirini na nne zimefanya hivi, thelathini na sita zitafanya nini? Usingizi umeniruka kwa furaha. Nahitaji betri ya tatu tu.

Ukiwa nayo, usipige simu ya ofisi. Njoo mlango wa nyuma, mizani ya kupimia maziwa ikishafungwa, betri ukiwa umeifunika kwa gunia. Gonga kwa ukucha. Nikiuliza nani, sema umeleta maziwa ya jioni. Akifungua Kiprugut, nunua maziwa ya mala nusu lita, mtakie jioni njema, na uendelee kutembea.